Chupa Nyuma ya Magunia ya Mchele

Bi Mahbuba aliiona ile chupa siku alipokuwa akitafuta sufuria kubwa, na kuanzia siku hiyo akaacha kumsomea mumewe sura ya Yasini.

Sufuria ilikuwa ya biriani ya arubaini. Mumewe, Thabit, moyo ulimsimama mwezi wa Oktoba, amekaa mezani anamenya chungwa, na sasa jamaa wote wa Unguja waliotapakaa Maskati nzima walikuwa wakijiandaa kuja mtaani kwake Mawaleh kumfanyia hitma. Bi Mahbuba alikuwa ndani ya eda. Nguo zake nyeupe, machoni hana wanja, mlangoni hatoki, na wanaume wasio maharimu wake huwasikia sauti tu kutoka upande wa pili wa ukuta. Mjane wa eda kazi yake ni kumlilia mumewe na kumwombea, na yeye alikuwa hodari kwa yote mawili. Kila magharibi alikaa juu ya msala akamsomea, na kila akimaliza alihisi kama amempelekea mumewe chakula chake.

Alikuwa na fahari yake pia, tusimfiche. Kule makaburini, mtoto wao Yaqdhan alisimama kama ilivyo ada akauliza mbele ya watu: yupo anayemdai marehemu, au aliyeweka amana kwake? Hakujitokeza mtu. Habari hiyo ilipofika nyumbani, Bi Mahbuba aliirudia kwa kila mwanamke aliyekuja kutoa pole, kwa sauti ya unyenyekevu ambayo haikumdanganya yeyote: "Thabit kaondoka, hana cha mtu."

Basi akaingia stoo kutafuta sufuria.

Stoo ile ilikuwa na kiyoyozi, na kiyoyozi hicho ndicho kilichokuwa ugomvi mkubwa wa ndoa yao. Thabit alikifunga zamani, tena kizuri kuliko cha chumbani, na hakikuzimwa kiangazi wala kipupwe. Ukimuuliza, alisema mchele unaingia wadudu. "Mchele gani huo unaotaka baridi, kwani ni nyama?" Bi Mahbuba alikuwa akimuuliza, na Thabit alitafuna karafuu yake tu. Mwaka mmoja kiyoyozi cha chumbani kilikufa katikati ya Julai, wakalala wanavuja jasho huku mchele umestarehe kule stoo. Kwa hilo Bi Mahbuba alimnunia mpaka Ramadhani ilipoingia.

Alisogeza magunia. Nyuma yake, chini kabisa ukutani, palikuwa na kitu kilichofunikwa kilemba cha zamani cha Thabit, kile cha zambarau alichosema kimepotea. Alikifunua. Ilikuwa chupa nyeusi, nzito, imelazwa ubavu juu ya kipande cha mkeka, mdomo wake umezibwa kwa nta nyekundu. Haikuwa na karatasi wala jina. Ubavuni ilichorwa mwaka kwa rangi nyeupe, 1970, na basi.

"Kulusumu!"

Kulusumu, msichana wa Kiganda aliyekuwa akifanya kazi za nyumba ile kwa mwaka wa nne, alikuja mbio akidhani mama ameanguka.

"Hii nini?"

Kulusumu aliinama, akaitazama, akarudi nyuma. "Mama, hiyo ni wine."

"Ya nani?"

"Mimi sijui, Mama. Wallahi si yangu. Mimi ni Muslim, unanijua. Kama ni ya mtu, basi ni ya..." Akatazama dari.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu tu, na mmoja wao alikuwa ameshazikwa.

Hapo ndipo kichwa cha Bi Mahbuba kilipoanza kuzunguka. Karafuu! Kwa nini mtu atafune karafuu asubuhi na jioni maisha yake yote? Alikuwa akisema ni kwa ajili ya jino. Jino gani hilo linaloumwa tangu harusi yao? Na zile nyimbo alizokuwa akizivumisha bafuni? Na siku ya ndoa ya Yaqdhan, alipojikwaa kwenye zulia akacheka peke yake mpaka machozi? Na kila Alkhamisi jioni, alipoingia stoo "kutazama mchele", akakaa humo kitambo na kutoka na uso uliotulia? Mambo aliyoyaona ya kawaida, mengine hata ya kupendeza, sasa yalipanga foleni mbele yake, na hakuna hata moja lililobaki na sura yake ya zamani.

Mwenye akili iliyotulia angesema: chupa imezibwa, nta haijaguswa, kwa hiyo haijanywewa. Bi Mahbuba alilifikiria hilo pia, kisha akajijibu kwamba hii huenda ikawa ya mwisho katika nyingi. Na huo mwaka je? Mwaka huo Thabit alikuwa kijana Unguja, na yeye Mahbuba alikuwa bado anachezea vibuyu uani kwao. Nani huandika mwaka kwenye chupa ya ulevi, na kwa nini? Palikuwa na mwanamke? Palikuwa na mtoto mahali? Alitaka kumpigia simu shekhe amuulize, akajiandalia na maneno, "Kuna mwanamke mmoja, simjui vizuri, mumewe kafa akaacha kitu," kisha akakumbuka kuwa shekhe anaijua sauti yake kama anavyoijua ya dada yake.

Magharibi ilipoingia alikaa juu ya msala, akafungua msahafu, akazitazama herufi, akaufunga. Alikuwa na hasira, na akaona haya kuwa na hasira na maiti. Lakini zaidi ya yote alikuwa na hofu. Kama Thabit alikuwa na chupa asiyoijua mkewe, basi yule aliyekuwa akimlilia ni nani? Hakutaka kumwombea mtu asiyemjua kwa jina la mtu anayemjua. Akabaki amekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Arubaini ikapita. Watu wakala biriani, wakasifu, wakamtaja marehemu kwa uchaji wake, na Bi Mahbuba akawaitikia "Amin" huku jicho lake likienda kwenye mlango wa stoo. Kisha Yaqdhan akapiga simu.

"Mama, Ijumaa tunakuja mimi na mke wangu Shatha, tupange vitu vya Baba ili mirathi igawiwe. Tutaanzia stoo."

"Stoo kuna mchele tu, mwanangu."

"Hata mchele, Mama, ni haki ya watu."

Yaqdhan alikuwa mtu wa wizara, mnyoofu kuliko rula, mtoto ambaye hata siki ya dukani huigeuza mara mbili kusoma imetengenezwa kwa kitu gani. Akiiona chupa ile, baba yake angemfia mara ya pili, na safari hii bila wa kumzika. Bi Mahbuba hakuwa na hakika ya jambo lolote tena isipokuwa hili: mtoto asijue.

Asubuhi ya Alkhamisi akamwita Kulusumu. "Kichukue kile kitu, ukakimwage choo cha nje."

"Mama, mimi siwezi ku-carry hiyo. Shekhe wetu kule Kampala alisema anayekunywa amelaaniwa na anayebeba amelaaniwa. Na kuimwaga inabidi kubeba."

"Mwenye kuiharibu anapata thawabu."

"Sawa, lakini kutoka stoo mpaka choo ni kubeba, Mama. Thawabu iko huko mwisho."

Walisimama mlangoni mwa stoo, wanawake wawili wanaomcha Mungu, mmoja na mvao wake mweupe, mwingine na glavu za mpira za kuoshea bafu, wakiitazama chupa. Wakajaribu kuisukuma kwa mpini wa fagio; ikabingirika, ikagonga gunia, wote wawili wakapiga kelele. Mwisho Bi Mahbuba akasema, "Astaghfirullah, n'tabeba mie. Mtu mzima dhambi zangu nazijua," akaizungushia kile kilemba cha zambarau na kuibeba mikono imenyooka mbele, akitembea upesi kana kwamba itamuunguza.

Huko chooni wakagundua kwamba hawajui kuifungua. Nta waliivunja kwa mchi. Kizibo kiligoma. Kulusumu alikivuta kwa meno ya uma kikakatika, na mwishowe akakisukumia ndani kwa sindano ya mishkaki, kikatumbukia na tone la wekundu likaruka juu ya glavu yake. Akaitupa glavu hapo hapo.

"Mwaga," Bi Mahbuba akasema, na kugeuza uso.

Akaisikia ikiingia shimoni. Halafu harufu ikapanda.

Alikuwa amejiandaa kwa harufu ya uvundo, ya tembo la mnazi lililolala, ya vilabu vya pombe alivyovisikia utotoni kwa mbali. Haikuwa hivyo. Ilikuwa harufu ya zabibu kavu na tini, na ndani yake kitu cha moto kidogo, kama halua inapokaribia kuiva sufuriani. Ilijaa choo kizima, ikatoka uani. Bi Mahbuba aliivuta puani bila kutaka, akaivuta tena akitaka, na ghafla akageuka.

"Ngoja! Simama! Usimwage!"

Kulusumu akainua chupa. Nusu ilikuwa imeshakwenda.

"Harufu hii," Bi Mahbuba akasema, "mie siijui."

"Mama?"

"Siijui, Kulusumu! Nimelala na mtu yule maisha yangu yote. Nimemfulia kanzu zake kwa mkono kabla ya mashine haijaja. Nimempangusa jasho akiwa na homa. Harufu hii haijapata kuwa juu yake, hata siku moja. Karafuu kitu gani? Karafuu haiwezi kufunika hii."

Alikaa chini kwenye kigoda cha kufulia. Kwa kitambo kifupi alihisi mzigo umemtoka, akataka hata kucheka. Kisha akili ikarudi pale pale ilipokuwa, na safari hii vibaya zaidi. Kama hakuwa akiinywa, basi kwa nini aliiweka? Mtu anayekunywa ana sababu, mbaya lakini ni sababu. Mtu asiyekunywa anaitunzia baridi chupa ya ulevi maisha yake yote kwa ajili ya nini?

Hakupata muda wa kulijibu. Nje kengele ya mlango ililia.

Kulusumu alikwenda, akarudi. "Ni mwanamke, Mama. Amekuja na taksi, ametoka kwenye ile meli ya watalii iko bandarini. Kuna mzee mzungu kwenye gari, nimemwambia hapa wanaume hawaingii. Lakini huyo mwanamke, Mama, anasema Kiswahili kama wewe."

Mgeni alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, nywele fupi zenye mvi, msalaba mdogo shingoni, na sura ya Kigoa ambayo Bi Mahbuba aliihisi anaifahamu lakini asijue ni ya wapi. Alisimama ukumbini akaona nguo nyeupe, na tabasamu lake likafa.

"Shikamoo, Bi Mahbuba. Mie Filomena. Binti Inasio."

Inasio! Huyo alimjua. Inasio Mgoa wa Unguja, karani mkubwa wa Bandari ya Sultan Qaboos enzi za meli za mizigo, ndiye aliyemfundisha kazi Thabit alipofika kijana asiyejua hata kupiga taipu. Kila Krismasi alikuwa akiwaletea keki, na kila Idi wakimpelekea halua. Kisha akaugua, akarudi kwao Goa, akafia huko.

"Nimepiga simu yake mwezi mzima haipokelewi," Filomena akasema. "Nikajua tu yuko kwenye mambo yake. Lini?"

"Mwezi wa Oktoba."

Filomena akakaa bila kuambiwa, akalia kimya, akajifuta kwa kiganja. Bi Mahbuba alimtazama akichanganyikiwa. Kumlilia rafiki wa baba kiasi hiki? Ule mwaka mweupe ulimrudia kichwani.

"Wewe umezaliwa lini, bibie?"

"Mie? Sabini. Unguja, Mnazi Mmoja." Filomena akamtazama. "Basi unajua. Kumbe alikwambia habari ya chupa yangu."

Filomena akaendelea, na kadiri alivyosema ndivyo uso wake ulivyochangamka.

Shangazi yake, dada wa Inasio, aliolewa Ureno, bara huko milimani, kwa watu wenye shamba la mizabibu. Mizabibu mikongwe, mingine imepandwa na babu wa babu, inazaa kidogo lakini tamu. Shangazi hakuitia dawa wala mbolea ya dukani. Majani aliyapalilia kwa mkono, na samadi aliibeba mwenyewe. Kwao kuna mvinyo unaotiwa spiriti ukiwa bado unachacha, utamu ukabaki ndani, na ukiulaza mahali pa giza na baridi unaishi umri wa mtu. Mtoto akizaliwa huwekewa chupa ya mwaka wake, ifunguliwe siku ya harusi yake. Filomena alipozaliwa, shangazi alimwekea chupa tatu.

"Mbili zilinywewa na ami zangu, mie hata meno sijaota vizuri," Filomena akasema. "Baba alipougua, ikabaki moja. Akasema, ndugu zangu wote walevi, marafiki zangu wa kanisani walevi, mie mwenyewe sijiamini. Chupa ya ulevi nimwachie nani? Akafikiri usiku kucha. Asubuhi akaenda kwa Thabit. Akasema, huyu peke yake ndiye anayeweza kuishi nayo asiionje."

Bi Mahbuba akaweka mkono kinywani.

"Thabit alikataa kwanza. Baba akamwambia, si ulevi nakupa, nakupa amana. Basi hapo hakuwa na la kusema. Kila mwaka alikuwa akinipigia: binti, chupa yako nzima, Alkhamisi nimeigeuza kidogo, wewe mchumba bado? Namwambia bado, ami. Anasema, basi mie n'ko. Nikafika arubaini, nikafika hamsini, namwambia imwage ami, mie siolewi tena. Anasema, hii si yangu ya kumwaga." Filomena akacheka katikati ya machozi. "Na sasa naolewa, Bi Mahbuba. Kizee hiki. Yule aliye kwenye gari. Harusi mwezi ujao, na meli inaondoka leo jioni."

"Kwa nini hakunambia mie?" Ndilo swali pekee lililotoka.

"Nilimuuliza. Akasema, nikimwambia nitakuwa nimemgawia dhambi yangu, na yeye hana kosa. Wacha iwe yangu." Filomena akamshika mkono. "Lakini aliniambia pia, nisipokuwapo, wewe nenda tu nyumbani. Kwa Mahbuba hakipotei kitu."

Kutoka uani, taratibu, harufu ya tini na zabibu ilikuwa ikiingia kwa dirisha, na Bi Mahbuba aliona jinsi Filomena alivyoinua kichwa, akanusa, akakunja uso.

Angeweza kusema uongo. Angeweza kusema ilivunjika. Alisimama, akaenda mwenyewe chooni, akaichukua chupa kwa mikono miwili bila kilemba wala glavu, akairudisha ukumbini na kuiweka mezani mbele ya mwenyewe.

"Nimeimwaga," akasema. "Nusu, leo asubuhi. Nilidhani ni yake. Nilidhani mume wangu mlevi, nikataka kumsitiri, na kumbe nilikuwa naimwaga amana yake. Mwaka hadi mwaka kaitunza, mie nimeiharibu kwa dakika moja. Niwie radhi, Filomena. Mie na yeye. Yeye zaidi, yuko kaburini, hawezi kukuomba mwenyewe."

Filomena aliitazama chupa. Aliugusa ule mwaka mweupe kwa kidole. Kizibo kilikuwa kikielea ndani.

"Ikishafunguliwa haikai," akasema polepole. "Mwezi ujao haifiki."

"Najua. Sijui. Sijui kitu mie."

Kulusumu aliyekuwa amejibanza mlangoni akaanza kusoma dua. Filomena akaisogeza chupa karibu yake. "Nusu," akasema. "Sisi tuko wawili tu, Bi Mahbuba, na yeye daktari kamkataza. Nusu inatutosha. Tutainywa leo, meli ikitoka. Nimekusameheni. Wewe na ami Thabit, nyote."

Bi Mahbuba alichana ncha ya kile kilemba cha zambarau, akakiviringisha kitambaa hicho na kuziba nacho mdomo wa chupa. Kulusumu akaiweka ndani ya mfuko, akapanga malimau juu yake watu wasiione, na safari hii akaibeba mwenyewe mpaka kwenye taksi bila kumtaja shekhe wa Kampala.

Taksi ilipoondoka, Bi Mahbuba alibaki amesimama ukumbini. Alikuwa amebeba ulevi kwa mikono yake, amempa mtu akaunywe, na nusu nyingine ameimwaga. Lipi lilikuwa thawabu na lipi dhambi? Alijaribu kuyapanga, yakampotea. Mpaka leo hajui, na kumuuliza shekhe hajamuuliza.

Magharibi ilikaribia. Kesho Yaqdhan atakuja na kukuta mchele. Bi Mahbuba aliingia stoo, akatazama mahali mkeka ulipokuwa, akanyoosha mkono kwenye swichi akakizima kiyoyozi.

Kilikohoa, kikatetemeka, kikanyamaza. Hakujua kwamba sauti ile ilikuwa nyumbani mwake tangu Yaqdhan anatambaa, mpaka ilipokatika. Akasimama katika ule ukimya akimsikiliza Thabit asivyokuwapo, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu aione chupa, kwa sauti, kama siku ya msiba. Kisha akatawadha, akatandika msala pale pale kati ya magunia, ambako baridi ilikuwa bado haijaisha, akamsomea.